Mizani na Mahali pa Kuanzia

Kila mwaka matokeo ya kidato cha nne yanapotoka, Mbagala nzima hugeuka mahakama. Simu zinapita mkono kwa mkono, namba za watahiniwa zinatafutwa kwenye tovuti ya Baraza la Mitihani, na kabla ya adhuhuri kila mtoto ameshakatiwa hukumu yake: huyu ana akili, yule mvivu, yule mwingine alikuwa anawamalizia wazazi nauli tu. Ukiuliza mtoto alianzia wapi, unaambiwa unamtafutia visingizio.

Mimi naona hilo ndilo swali gumu kuliko yote yanayohusu haki, iwe ya Mungu au ya binadamu. Tumefundishwa tangu chuoni kwamba Siku ya Kiama mizani itawekwa, na kwamba hata jambo lenye uzito wa chembe ndogo kabisa, la heri au la shari, litaonekana. Sasa, kama watu hawakuanza sawa, mizani moja inawezaje kuwapima wote ikawa ya haki?

Wanazuoni wa Basra walilipigania swali hili zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Inasimuliwa kwamba Abul-Hasan al-Ash'ari, akiwa bado mwanafunzi wa madhehebu ya Muutazila, alimwuliza mwalimu wake Abu Ali al-Jubbai habari za ndugu watatu. Mmoja alikufa mtu mzima, mcha Mungu. Wa pili alikufa mtu mzima, kafiri. Wa tatu alikufa mtoto. Al-Jubbai akajibu kwamba wa kwanza yuko peponi katika daraja za juu, wa pili motoni, na mtoto amesalimika ila hana daraja. Al-Ash'ari akauliza: je, mtoto akimwambia Mola wake, kwa nini hukuniacha nikaishi nami nikakutii? Mwalimu akasema ataambiwa kuwa Mungu alijua angekua angeasi, hivyo kufa mapema ilikuwa heri kwake. Basi, akasema mwanafunzi, yule wa motoni naye atapaza sauti: hali yangu uliijua kama ulivyoijua yake, mbona mimi hukuniua mtoto? Hapo al-Jubbai akakosa la kusema. Wanahistoria wana shaka kama mazungumzo yalikuwa hivyo hasa, lakini madrasa hazijaacha kuyasimulia, na sababu ni kwamba swali lenyewe halijachakaa.

Mwezi wa matokeo, katika darsa ya baina ya Magharibi na Isha kwenye msikiti wetu wa huku Kizuiani, kijana mmoja aliliuliza bila kumjua al-Ash'ari wala al-Jubbai. Alikuwa amepata daraja la nne. Alisema, "Sheikh, mizani ni moja, na sisi hatukuanza sawa. Haki hapo iko wapi?" Sheikh alimwangalia, kisha akanigeukia mimi akitabasamu: "Fundi, wewe si ndiye mwenye mizani za kupimia vumbi? Hebu mwanzie mwenzio." Siku ile nilisema maneno machache, Isha ikaadhiniwa. Haya ndiyo maneno yaliyobaki.

Ujana wangu niliutumia Manchester, kwenye karakana inayounda spektromita za tungamo, zile zinazopima uzito wa molekuli kwa kuhesabu muda wa safari yake. Sasa niko nyumbani. Natengeneza pampu za ombwe na vifaa vya maabara hapa mjini, na Jumamosi nafundisha fizikia watoto wa mtaa. Kwenye karakana ile nilikaa na kundi dogo lililokuwa na tatizo moja tu asubuhi hadi jioni, na tatizo hilo, ukilivua koti lake la hesabu, ni swali la kijana wa daraja la nne.

Mizani yenyewe haina sahani. Unachukua molekuli za gesi, unazing'oa elektroni mojamoja ili zibaki na chaji ya umeme. Zikishakuwa na chaji zinaitwa ayoni. Unazisukuma zote kwa volti zilezile, kisha unaziacha zikimbie ndani ya bomba lisilo na hewa. Kwa kuwa zote zimepewa msukumo mmoja, nyepesi zinatangulia na nzito zinafuata. Mwisho wa bomba kuna kipokezi kinachorekodi saa ya kila moja kufika. Ukishajua muda, umejua uzito. William Stephens wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania alilitangaza wazo hilo mwaka 1946, na kwenye karatasi ni rahisi kiasi kwamba wanafunzi wangu wa kidato cha tatu wanaikokotoa hesabu yake wakiwa wanachekeana.

Ugumu unaanza na namba 28. Naitrojeni, ambayo ni asilimia 78 ya hewa tunayovuta, molekuli yake ina uzito wa 28. Kaboni monoksaidi, ile sumu ya jiko la mkaa inayoua watu usingizini wakilala nalo ndani na madirisha yamefungwa, nayo ni 28. Ethilini, gesi inayotolewa na ndizi zinapoiva, nayo pia ni 28. Kwa mizani butu, vitu vitatu hivi ni kitu kimoja. Ukikaribia ndipo unaona tofauti: sumu ni 27.995, naitrojeni ni 28.006, ethilini ni 28.031. Katika bomba la mita 2, kwa msukumo wa volti 10,000, naitrojeni inafika baada ya mikrosekunde 7.6 hivi, na sumu inaitangulia kwa takribani nanosekunde 1.5. Nanosekunde moja ni muda ambao mwanga wenyewe unakwenda sentimita 30, urefu wa rula ya mwanafunzi.

Mtu akisikia hivyo hudhani kazi ni kutafuta saa kali. Saa kali zipo na zinanunuliwa. Kinachowanyima usingizi wasanifu wa mashine hizi ni mwanzo wa mbio. Ayoni hazianzii mahali pamoja wala hazianzi zikiwa zimetulia. Zinatokea ndani ya wingu lenye unene, na molekuli za gesi katika joto la kawaida la chumba zinakimbia karibu mita 500 kwa sekunde, kila moja na upande wake. Kwa hiyo molekuli mbili za naitrojeni, zenye uzito uleule kabisa, zinafika kwa nyakati tofauti kwa sababu moja ilikuwa nyuma na nyingine mbele. Kipokezi hakina habari za nyuma wala mbele. Chenyewe kinajua saa tu, na kila ucheleweshaji kinauandika kuwa ni uzito.

Hapo ndipo nilipoanza kuishika mashine ile kwa adabu. Kipimo hakikuwa na kosa, sheria yake ilikuwa moja kwa wote, na bado kilikuwa kinasema uongo.

Dawa ya kwanza iliandikwa mwaka 1955 na Wiley na McLaren wa kampuni ya Bendix, Marekani. Waliona kwamba ayoni iliyoanzia nyuma husukumwa na umeme kwa umbali mrefu zaidi kabla ya kutoka, hivyo inatoka ikiwa imechelewa lakini ina mwendo mkubwa. Ya mbele inawahi kutoka ila mwendo wake ni mdogo. Basi kuna sehemu njiani ambapo ya nyuma inaifikia ya mbele, na pale, kwa kitambo kidogo, zote mbili ziko sawasawa. Wiley na McLaren waliugawa msukumo katika hatua mbili ili waweze kuisogeza sehemu hiyo hadi mwisho wa bomba, wakaweka kipokezi papo hapo. Aliyeketi Uwanja wa Uhuru akamwona mkimbiaji wa mita 400 wa njia ya nje amewekwa mbele ya wenzake kabla ya bastola kulia, akapiga kelele kuwa kapendelewa, hajalitazama umbo la uwanja.

Lakini dawa hiyo ilikuwa na bei. Ukirekebisha kosa la mahali, kosa la mwendo wa awali linabaki, na ukilikamia la mwendo, la mahali linarudi. Wiley na McLaren walilijua hilo na wakaliandika. Mwaka 1973 Boris Mamyrin na wenzake wa Leningrad walichapisha njia nyingine: kioo cha umeme mwishoni mwa bomba, ambacho wenye fani wanakiita reflektroni. Ayoni yenye nguvu za ziada inazama ndani zaidi ya kioo kabla ya kurudishwa, kwa hiyo inatembea njia ndefu. Dhaifu inageukia karibu. Mwenye mbio amepewa safari ya mbali, asiye na mbio amepunguziwa, na wote wenye uzito mmoja wanarudi kwa saa moja.

Nataka msomaji aangalie kilichotokea hapo, maana ndilo jibu langu lote. Marekebisho hayo hayakupunguza uzito wa kitu chochote. Hakuna sumu iliyosamehewa ikawa hewa safi. Kinyume chake, kabla ya marekebisho, naitrojeni zilizotawanyika zilikuwa zimeifunika sumu, na sumu iliyochelewa kwa sababu ya mahali ilikuwa ikipita kwa jina la naitrojeni. Mizani iliyokataa kusikiliza habari za mwanzo iliwaonea wasio na hatia na papo hapo ikawaficha wenye hatia. Ilipokubali kuzisikiliza, ndipo mstari mmoja ulipogawanyika kuwa miwili, na ukaweza kuonyesha kwa kidole: hii ni hewa, hii ni sumu.

Sisi huku mtaani tumezoea kuiweka haki upande mmoja na huruma upande wa pili, kana kwamba anayeuliza ulianzia wapi anataka kuipunguzia mizani makali. Miaka yangu karakanani imenifunza kwamba swali hilo ndilo linaloipa makali.

Rudi sasa kwenye orodha ya matokeo. Mtoto wa Chamazi ana daraja la pili na mtoto wa Masaki ana daraja la pili. Wa Chamazi aliamka saa kumi alfajiri, akasimama kituoni na sare yake huku makonda wakimruka kwa sababu nauli ya mwanafunzi ni ndogo, akafika shule ya kata akakaa watatu kwenye dawati moja, akarudi usiku akasomea mwanga wa simu kwa kuwa umeme wa Luku umeisha. Wa Masaki alipelekwa kwa gari na mwalimu wa tuisheni alimfuata nyumbani. Karatasi inaandika kitu kimoja kwa wote wawili. Hao ni 28 na 28. Na mtoto wa tatu, jirani wa yule wa Chamazi, aliyekaa dawati lilelile na kusimama kituo kilekile, akaitumia miaka minne kwenye vibanda vya kubashiri mpira, naye ana sifuri yake. Ukikataa kuhesabu mwanzo, utamwita wa Chamazi mtu wa kawaida, na huyu wa tatu utamwona mhanga wa umaskini tu. Ukihesabu mwanzo, umewaona wote watatu walivyo. Watu wa mtaani wanahofia kwamba kila mtu atakuja na kisingizio. Wajue kuwa kisingizio hufa pale mwanzo unapohesabiwa vizuri, kwa sababu hapo aliyeanza na wewe anakuwa shahidi.

Dini zetu zimelijua hili kabla ya volti. Katika hadithi aliyoipokea Nasai kutoka kwa Abu Huraira, Mtume anawaambia masahaba kwamba sadaka ya dirhamu moja iliishinda sadaka ya dirhamu laki moja. Walipouliza ilikuwaje, akawaeleza kwamba mmoja alikuwa na dirhamu mbili tu akatoa moja, na mwingine alichota hizo laki kutoka pembeni mwa mali nyingi. Jirani yangu, mama Mlutheri anayeuza maandazi mbele ya nyumba yetu, nilipomsimulia aliniambia habari hiyo wanayo pia, ya mjane na senti zake mbili hekaluni, katika Injili ya Marko. Kote kuwili kiasi cha sadaka hakikubadilishwa. Kilichoongezwa kwenye hesabu ni mahali ilipotoka.

Kuna jambo moja, hata hivyo, ambalo hakuna kioo kinachoweza kulirekebisha, na wasanifu wanalijua kwa jina la muda wa kugeuka. Chukua ayoni mbili za uzito mmoja, zilizo mahali pamoja, zenye mwendo sawa. Tofauti yao ni moja tu: wakati umeme unawashwa, moja ilikuwa inaelekea kwenye kipokezi na nyingine imekipa kisogo. Ile iliyokipa kisogo inapunguzwa mwendo, inasimama, inageuzwa, inarudi hadi pale ilipoanzia, na inapopita pale ina mwendo uleule na mwelekeo uleule wa mwenzake. Kuanzia hapo hakuna chombo kinachoweza kuzitofautisha kwa tabia. Zina nguvu moja na njia moja. Kilichobaki ni kwamba moja imechelewa kwa kiasi cha muda iliotumia kugeuka, na kwenye karatasi inasomeka kuwa nzito kuliko ilivyo.

Hili lilinisumbua kuliko mengine yote, na bado linanisumbua, kwa sababu linasema kuna watu ambao ucheleweshaji wao wote ni wa kugeuka. Mtu aliyekuwa teja pale Temeke, akaacha, leo anaamka saa ileile na mimi, anafanya kazi kama yangu, na ana nyumba nusu ya yangu. Nani anaweza kuupima mzigo wake kwa kuangalia alipofika? Vyombo vyetu vya haki vinakiri mpaka huo. Ripoti kutoka maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, pale kando ya bahari, barabara ya Barack Obama, inaweza kumwambia hakimu kwamba unga uliokamatwa ni heroini na una uzito gani. Haimwambii unga uliwekwa mfukoni na nani, wala kwa nia gani. Ndiyo maana baada ya mkemia kushuka kizimbani, kesi inaendelea.

Bukhari na Muslim wote wawili wamepokea hadithi ya mtu aliyeua watu 99. Alimwuliza mtawa kama ana toba, akaambiwa hana, akamuua huyo wakawa 100. Akamwuliza mwanachuoni, akaambiwa hakuna awezaye kusimama baina yake na toba, ahame mji wake wa uovu aende mji fulani wa watu wema. Akafa njiani. Malaika wa rehema na malaika wa adhabu wakamgombania. Kwa mizani ya matendo, kesi ilikwisha kabla ya kuanza, kwani upande mmoja kulikuwa na maiti 100 na upande wa pili hapakuwa na kitu. Lakini hawakupima hivyo. Waliamriwa wapime ardhi, wakamkuta yuko karibu na mji wa watu wema kwa shibiri moja, na katika riwaya mojawapo hata shibiri hiyo aliipata kwa kujisukuma na kifua wakati anakata roho. Mashine yangu ingemwandika huyo kuwa ndiye mzito kuliko wote. Kule alihesabiwa kile hasa ambacho mashine inakipoteza, yaani kugeuka.

Kwa hiyo namjibu kijana hivi. Ulichouliza ni maswali mawili. La kwanza ni kwa nini tulianzishwa mahali tofauti, na hilo ni la yule ndugu wa tatu wa al-Ash'ari. Fizikia yangu hailigusi, nami sijioni nikifika pale al-Jubbai aliponyamaza. La pili ni kama mizani moja inaweza kuwapima kwa haki watu walioanza tofauti. Hilo linajibika: inaweza, kwa sharti kwamba anayeipima ajue kila mmoja alianzia wapi, kwa mwendo gani na akielekea upande gani. Binadamu tunaweza kupata habari kidogo za mahali na za mwendo tukijituma kuuliza. Mwelekeo hatuupati. Anayeamini kwamba yuko anayeujua ana sababu nzuri ya kutoiogopa mizani, na sababu nzuri zaidi ya kutoishika yeye mwenyewe mtaani.

Wasanifu walipoona muda wa kugeuka hauna dawa mwisho wa bomba, walikwenda kuutafutia dawa mwanzoni. Mashine za siku hizi zinazipitisha ayoni kwanza katika gesi nyembamba, zikagongana nayo taratibu hadi zitulie, kisha zinasukumwa kwa ubavu kutoka kwenye mkondo mwembamba, ili iliyokipa kipokezi kisogo isiwe imekwenda mbali. Huko ndiko makali mengi ya leo yalikopatikana, kabla ya mbio kuanza. Kwetu Mbagala tafsiri yake haihitaji mhandisi. Ni dawati la mtoto mmoja, ni konda anayesimama kwa sare, ni chakula cha mchana shuleni, ni taa usiku. Kupima mioyo hatukupewa, lakini madawati tunaweza kuyachonga, na mzazi aliyepiga kelele siku ya matokeo bila kuwahi kuuliza shule ina madawati mangapi ametoa hukumu kwenye kesi ambayo yeye mwenyewe ni mshtakiwa.